Nahodha Yupi?

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Najua mnapenda barua fupi. Hii nimekaa nayo tangu mwaka 1987, na barua iliyokaa hivyo haiwi fupi. Ukilazimika kuikata, kata huku mwanzoni. Mwisho wake niachie.

Mwezi uliopita mwandishi wenu wa michezo alitupa makala ya timu zilizomaliza msimu bila kufungwa. Alianzia mbali, chuo cha Sewanee cha Marekani na msimu wao wa mpira wa Kimarekani wa mwaka 1899, akaja akamalizia kwetu Lamu. Akasema visiwani hakuna shule iliyowahi kumaliza msimu bila kufungwa, na ile iliyokaribia iliponzwa na nahodha wake aliyechelewa. Makala ilikuwa tamu. Niliisoma barazani kwa sauti, maana wazee wenzangu miwani yao ni ya kuazimana, na nilipofika kwenye mstari ule wa mwisho nilikohoa nikaurukia. Hakuna aliyegundua.

Usiku simu ikalia. Alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ni baba wa watoto wanne, yuko Malindi anauza vifaa vya ujenzi. Mwaka 1987 ndiye aliyevaa kitambaa cha unahodha katika timu yetu. Hata shikamoo yake ilimtoka mbio.

"Mwalimu, nahodha aliyechelewa ni mimi?"

Nikamwambia si wewe.

"Basi ni nahodha yupi?"

Nikamwambia nitaandika gazetini.

Nianze na Sewanee, kwa sababu makosa ya wengine ni mepesi kuyasahihisha. Makala ilisema vijana wale walicheza mechi tano kwa siku tano. Zilikuwa siku sita. Alhamisi tarehe 9 Novemba 1899 walikuwa Austin, wakaishinda timu ya chuo cha Texas 12 kwa 0. Ijumaa wakawa Houston, Texas A&M 10 kwa 0. Jumamosi New Orleans, Tulane 23 kwa 0. Jumapili hawakucheza, chuo chao ni cha kanisa. Jumatatu Baton Rouge, LSU, yaani chuo cha jimbo la Louisiana, 34 kwa 0. Jumanne Memphis, Mississippi 12 kwa 0. Zote ugenini, usiku wanalala ndani ya treni, na katika hizo tano hakuna aliyewapata hata pointi moja. Mwandishi wenu alihesabu mechi akaisahau Jumapili. Mtu aliyewahi kuwa meneja wa timu hawezi kuisahau Jumapili ile. Siku ya kupumzika ndani ya ratiba kama hiyo haiji yenyewe, kuna aliyekaa na kalamu akaipanga.

Haya sikuyatoa kwenye simu ya mjukuu wangu, ingawa nimemtuma ayahakikishe. Mwaka 1996 jioni nilikuwa nikiwafundisha wageni Kiswahili kule Shela. Mmoja wao alikuwa mzee wa Kimarekani aliyesoma chuo hicho hicho cha Sewanee, kijiji cha mlimani katika jimbo la Tennessee. Ngeli zilimshinda kabisa. Ngeli ya KI-VI alifika, ya U alinirudishia. Basi tukaafikiana kwamba nusu saa ni ya Kiswahili na nusu saa ni ya Sewanee, na naona faida ilikuwa upande wangu.

Mpira wao, kwa msomaji ambaye hajauona, si huu wetu. Umechongoka ncha mbili kama embe, hubebwa mikononi, na pointi hupatikana kwa kuufikisha nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani. Siku hizo kuufikisha huko kulikuwa pointi 5, na mkwaju wa nyongeza pointi 1. Kuurusha mbele kwa mkono hakukuruhusiwa hadi mwaka 1906. Kwa hivyo kazi ilikuwa kusukumana. Timu ilipewa majaribio matatu ya kusogea yadi 5, kama mita nne na nusu, ikishindwa inautoa mpira. Mgeni wangu alianza kunichorea mchangani mistari na mishale. Nikamwambia usihangaike mzee, nimeshaelewa: ni kama kulivuta jahazi pwani Matondoni, ila kule majini wako watu wengine kumi na moja wanalivuta lirudi. Alicheka mpaka akakaa chini.

Kwa sheria za wakati ule mechi ilikuwa dakika 70. Wale wale walioshambulia ndio waliolinda, na aliyetoka hakurudi. Kofia ngumu haikuwa lazima. Safari nzima, kama kilomita 4,000 za reli, waliifanya kwa wachezaji 21.

Msimu wote walicheza mechi 12, wakashinda 12, pointi 322 kwa 10. Si zote ninazozivulia kofia. Ile ya Cumberland, 71 kwa 0, simpi mtu hongera nayo; hata wavulana wetu waliwahi kukutana na timu iliyokuja na wachezaji tisa na dereva. Ninayoiheshimu ni ya tarehe 30 Novemba mjini Montgomery, dhidi ya Auburn. Zile pointi 10 zote walizofungwa msimu mzima walifungwa siku hiyo. Wakashinda 11 kwa 10. Kocha wa Auburn alikuwa John Heisman, ambaye leo tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vya Marekani inaitwa kwa jina lake. Heisman hakuridhika na waamuzi, akaandika barua gazetini kulalamika. Kwa hivyo, Mhariri, mimi si wa kwanza. Siku mbili baadaye Sewanee wakawa Atlanta, wakaishinda North Carolina 5 kwa 0, msimu ukaisha.

Lakini mtu aliyenikaa rohoni katika kisa hiki hakugusa mpira. Ni meneja wao, Luke Lea. Alikuwa mwanafunzi, umri wake miaka 20. Sewanee walikuwa wamekosana na chuo cha Vanderbilt kuhusu fedha za milangoni, mechi yao yenye mapato makubwa ikavunjika, na timu ikawa haina kitu. Lea akakaa akaandikia vyuo huko na huko: sisi tunakuja kwenu, tupeni tarehe na tupeni fungu letu la milangoni. Ndivyo zilivyopatikana mechi tano kwa siku sita. Watu husema vijana wale walikuwa mashujaa, na ni kweli, ila ratiba yenyewe iliandikwa na njaa.

Akapanga treni. Akapanga na maji ya kunywa. Walibeba mapipa ya maji ya chemchemi ya kwao, wasije wakanywa maji ya kigeni wakaharibika matumbo. Hapo mgeni wangu alidhani atanishangaza, nikamwonyesha milima ya mchanga nyuma ya Shela. Nikamwambia maji ya Amu, yaani mji wetu wa Lamu, yote yanatoka chini ya mchanga ule, na sisi tulipokwenda kucheza Pate, ambako visima vina chumvi, tulibeba madumu sita ya maji ya Shela. Nahodha wetu, huyu wa Malindi, kazi yake ya kwanza asubuhi ilikuwa kunusa kila dumu kama halikuwa la mafuta ya taa.

Halafu mzee akanisimulia viatu.

Inasimuliwa kwamba timu ilipoondoka Sewanee viatu vya kuchezea vilisahaulika nyuma. Treni inakwenda, viatu havimo. Lea hakuigeuza treni. Alipanga vitumwe nyuma yao kwa treni nyingine, viwafikie kabla ya mechi, na yeye akaendelea na safari. Vikafika.

Nilinyamaza. Mgeni alidhani nimechoka na hadithi zake, akafunga daftari, tukarudi kwenye ngeli. Sikumwambia kitu. Sijamwambia mtu yeyote mpaka wiki iliyopita, nilipomwambia mke wangu, naye akasema, "Na ulikuwa ukinitazama tu miaka yote hii?"

Sasa yetu.

Mwaka 1987 nilikuwa mwalimu kijana wa jiografia katika shule moja ya hapa kisiwani, na kwa kuwa nilikuwa kijana nikapewa na umeneja wa timu. Kazi yenyewe ni nauli, chakula, viatu na lawama. Tulikuwa na mechi tisa. Tulipofika ya nane tulikuwa tumeshinda tano na kutoka sare mbili. Sare si ushindi, nakiri, na Sewanee hawakuwa nazo. Lakini kufungwa hatukuwa tumefungwa. Mji mzima ulijua. Wauza halua wa Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, walikuwa wakiwaita wavulana kwa namba za jezi.

Mechi ya nane ilikuwa Mpeketoni, Ijumaa. Ya tisa ilikuwa Faza, katika kisiwa cha Pate, kesho yake Jumamosi, saa kumi jioni. Mbili kwa siku mbili, moja ya bara na moja ya kisiwani. Ratiba hiyo sikuipanga mimi, ningeipanga mimi ningestahili kupigwa. Mpeketoni tulishinda 2 kwa 1. Tukarudi juu ya lori, vumbi mpaka kwenye kope, tukafika Mokowe magharibi imeshaingia. Tukashuka gatini gizani, tukavuka kuja Amu, kila mtu akaenda kwao kulala.

Viatu vilikuwa jozi kumi na nne ndani ya gunia moja. Vilikuwa vipya, mchango wa wazazi, na nilivipokea kwa sahihi yangu katika daftari la mwalimu mkuu. Kabla ya hapo wavulana wetu walicheza miguu mitupu na walicheza vizuri. Nimeitaja sahihi kwa sababu ndiyo iliyotuzamisha.

Jumamosi mashua ilikuwa iondoke saa mbili asubuhi. Nahodha wa mashua alikuwa mzee wa Matondoni. Jina lake silitaji, watoto wake wapo na sijawaomba ruhusa. Nilipoteremka pwani saa moja na nusu alikuwa ameshafika zamani. Alisali alfajiri msikiti wa karibu na gati, akaja akakaa ndani ya chombo chake, mashine ameshaifuta, upondo umelazwa mahali pake. Wavulana wakaanza kupanda. Nahodha mdogo, yaani yule wa timu, akahesabu madumu, akahesabu jezi, akanitazama. Gunia halikuwapo. Lilibaki Mokowe.

Msomaji wa bara inabidi nimwelezee njia. Kutoka Amu kwenda Pate unapita Mkanda, mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko huku na mikoko huku. Kina chake ni kidogo. Unapita maji yakiwa yamejaa, yakipwa hupiti. Na siku ile mwezi ulikuwa nusu, maji mafu, ambayo hata yakijaa hayajai sawasawa. Kujaa kwake kulikuwa saa nne asubuhi. Ukiondoka saa mbili unaingia Mkanda na maji yanayopanda, unatoka upande wa pili kabla hayajageuka. Haya yote niliyajua. Mwezi mmoja kabla niliyachora ubaoni kwa chaki ya rangi, mwezi, jua na dunia, nikawapa mtihani.

Nikasema tupitie Mokowe tulichukue gunia.

Mzee akasema, "Mwalimu, mai hayangoji."

Wavulana nao wakasema tutacheza miguu mitupu, Mwalimu, mbona hata wao wa Faza hucheza miguu mitupu. Nahodha mdogo akavua ndala zake pale pale akazitupa ndani ya mashua, kunionyesha. Nami nikaiona sahihi yangu katika daftari. Jozi kumi na nne, na mshahara wangu wa mwezi usingetosha kuzilipa. Nikasema Mokowe ni hapo tu, ni njiani, dakika kumi.

Mokowe kweli ni njiani. Lakini gunia lilikuwa limeokotwa usiku na mtu mwema, akalifungia ndani ya stoo ya duka, na mwenye ufunguo alikuwa ameshakwenda shambani katika kijiji cha Hindi. Tukamtuma kijana kwa baiskeli. Nimewahi kungoja matokeo ya mtihani, nimewahi kungoja mtoto azaliwe, lakini kungoja baiskeli ile ni kitu kingine. Mzee alikuja mara moja tu kunisimamia kando. Akatazama nguzo za gati, pale alama ya maji inaposhuka, akasema, "Mwalimu, tukienda sasa hivi twapita kwa kuburura." Nikamjibu tungoje kidogo. Hakurudia. Akarudi kukaa kwenye usukani.

Ufunguo ulifika saa sita kasoro robo.

Tulikwama katikati ya Mkanda. Hakukuwa na kishindo, mashua ilinyamaza tu, kama mtu aliyesinzia akiongea. Wavulana wakaruka wakasukuma, tope likawafika magotini, halafu mapajani. Mzee akawaambia watoke wasije wakajikata na chaza. Maji yakateremka mpaka mizizi ya mikoko ikabaki wazi na kaa wakatoka kututazama. Saa kumi jioni, mechi ikianza Faza, sisi tulikuwa tumelala ubavu juu ya fungu, tukila mikate ya mofa na kunywa maji ya Shela. Nahodha mdogo alikuwa na saa ya mkononi. Ilipofika kumi na nusu akaifungua mkononi akaitia mfukoni. Hakuna aliyemuuliza.

Chombo kilielea saa mbili usiku. Tuliingia Faza karibu saa nne, nusu ya mwezi ikiwa bado juu. Watu wa Faza hawakutucheka. Walitupikia wali na samaki usiku ule ule, wakasema tulale, asubuhi tucheze. Lakini mwamuzi alikuwa ameshapuliza kipenga chake saa kumi, akangoja nusu saa, akajaza fomu, akaondoka nayo. Wenyeji wamepata ushindi, wageni hawakufika. Asubuhi tulicheza hata hivyo, mechi ya kirafiki, miguu mitupu timu zote mbili kwa sababu tulitaka kulingana. Tukashinda 3 kwa 1. Haimo katika daftari lolote.

Jozi zote kumi na nne nilizirudisha shuleni. Sahihi yangu ikafutwa.

Jumatatu mwalimu mkuu aliniita. Aliniuliza imekuwaje. Nilisema, "Nahodha alichelewa kuyawahi maji." Maneno manne matano. Sikusema uongo mrefu, nilisema mfupi. Mwandishi wa gazeti mmoja aliyekuwa akikusanya matokeo ya shule akayachukua maneno yale kutoka ofisini, yakatoka hivyo hivyo: nahodha alichelewa. Mjini kila mtu alijua ni nahodha wa mashua. Shule ikaacha kumkodi. Shule nyingine mbili nazo zikamwacha, maana nani atawapa watoto wake nahodha asiyejua maji? Mtu aliyezaliwa Matondoni, aliyeingia Mkanda kabla mimi sijazaliwa.

Yeye hakunena. Nilikuwa nikikutana naye Usita wa Pwani, ananitolea salamu kwanza kila mara, "Mwalimu, sabalkheri," kwa sauti ya kawaida kabisa. Ningependa siku moja angenitukana. Alifariki mwaka 2003. Nilikwenda mazikoni, nikashika jeneza kama wengine, nikarudi nyumbani.

Sasa miaka imepita, waliojua ni nahodha gani wamepungua, na mwandishi wenu kijana alipolikuta neno lile katika karatasi za zamani akadhani, na nani angemlaumu, kwamba nahodha katika habari ya mpira ni nahodha wa mpira. Kwa neno langu moja nimewachafua watu wawili, mzee wa chombo na mtoto wa miaka kumi na saba aliyekuwa tayari kucheza bila viatu.

Kuhusu Lea, kama wasomaji wanataka kujua alikoishia: alianzisha gazeti Nashville mwaka 1907, akawa seneta mwaka 1911 akiwa na miaka 31, na Januari 1919 yeye na wenzake wachache wakaingia Uholanzi wakijaribu kumteka Kaisari wa Ujerumani katika kasri alimokimbilia. Walirudi mikono mitupu. Mwaka 1934 aliingia jela North Carolina kwa kesi ya benki, akasamehewa mwaka 1937. Meneja wa timu isiyofungwa akafungwa mwenyewe. Kwa Kiswahili tu ndipo jambo hilo linachekesha, na mgeni wangu nilipomweleza utani wenyewe ndipo alipoielewa ngeli ya kutendwa, kama naweza kuiita ngeli. Na Sewanee walipoingia katika ligi ya vyuo vikubwa vya kusini miaka ya 1930 walicheza mechi 37 za ligi hiyo wasishinde hata moja, wakajitoa. Mwandishi wenu aliliacha hilo. Labda nafasi ilimwishia.

Ninachoomba ni mistari michache tu, na nimekuandikia tayari usipate taabu. Ukiona vyema uiweke katika ukurasa wa michezo, si huku kwenye barua, kwa sababu kosa lilitokea kule:

"Katika msimu wa mwaka 1987 timu ya shule ya kisiwani Lamu haikufungwa mechi yoyote iliyocheza. Mechi ya Faza haikuchezwa kwa sababu mashua ilikwama Mkanda maji yakiwa yamekupwa. Nahodha wa timu alikuwa pwani saa moja asubuhi. Nahodha wa mashua alikuwa pwani tangu alfajiri, na alionya mara mbili. Aliyechelewesha safari ni mwalimu aliyekuwa meneja, alipokuwa akingoja viatu."

Gazeti likitoka nitanunua nakala tatu. Moja ni ya Malindi. Nyingine nitaipeleka Matondoni mwenyewe, Ijumaa baada ya sala, nikiwa na maji ya kutosha ya kwenda na kurudi.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu